Foto mbili za Tahiti: ile ya furaha, na ile ya matumbawe yenye kuvunjika

Wengi wetu tuliiona ile foto mu telefone, hata kama hatukujua inatoka wapi. Mwanaume amesimama wima hewani, juu ya bahari, kidole kimoja kinaonyesha mbinguni. Pembeni yake ubao wake umesimama wima vilevile, sawa vile mutu wa pili. Chini ya miguu yake hakuna kitu, paka maji na povu. Kuko wenye walisema: hii imetengenezwa na ordinatere. Hapana, ni foto ya kweli. Ilipigwa tarehe 29 mwezi wa 7 mwaka wa 2024, ku Teahupo'o, kisiwa cha Tahiti, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris. Mwenye kuwa hewani ni Gabriel Medina wa Brazili. Mwenye kupiga foto ni Jérôme Brouillet, alikuwa anatumikia ajansi ya habari ya Ufaransa, AFP.

Juu gani tunaizungumuzia hapa, mu ukurasa wenye unasomwa na watu wa migodi na jamaa zao, wenye bahari iko mbali nao sana? Sababu ile foto iko na ndugu yake, yenye dunia haikuisifu. Nayo ilitoka fasi ileile, miezi nane mbele. Tukiziweka zote mbili ku meza moja, tunaona jambo lenye linatugusa: mutu mwenye kujua fasi njo anaona mambo mbele ya wengine. Lakini ujuzi wake unapata bei paka kama yeye mwenyewe anashika kamera, ao anakaa pale watu wanakata maneno.

Wimbi halirudii

Tuanze na kazi yenyewe. Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi unafanywa hivi: mutu analala juu ya ubao, anapiga maji na mikono, anangojea wimbi, na wakati linamubeba anasimama na kuteleza pamoja nalo. Wenye walikaa Kalemie wanajua namna ziwa Tanganyika linaweza kukasirika na kutupa maji ku inchi kavu. Lakini wimbi la Teahupo'o ni ingine kabisa. Linazaliwa mbali, mu zoruba za kusini ya bahari Pasifiki, na linatembea siku mingi mu maji ya kina bila kukuta kizuizi. Karibu na kisiwa, chini ya bahari kunapanda kwa mara moja, sawa vile ukuta. Wimbi linagonga pale, linasimama, linajikunja na kufanya tundu ndani yake. Mtelezaji anaingia mu lile tundu, na anapaswa kutoka mbele halijafungika. Mutu wa shimo anaelewa hiyo vizuri bila kufundishwa: unaingia, unafanya kazi, na unachunga masikio juu ya kile chenye kiko juu ya kichwa chako.

Pale chini hakuna muchanga. Kuko matumbawe. Kwa mwenye hajayaona, yanafanana na majiwe, lakini yanajengwa na vinyama vidogo vyenye uzima, pole pole, miaka na miaka. Ni makali sawa chupa yenye kupasuka. Fasi zingine maji juu yake hayafike hata meta moja. Mwenye kuanguka vibaya anatoka na ngozi yenye kukatika.

Sasa, namna gani unapiga foto ya mutu mwenye kupita mu tundu kama hilo? Kuko njia tatu kubwa. Wa kwanza anabakia ku inchi kavu na lensi ndefu, nzito, juu ya miguu mitatu. Ku Teahupo'o hiyo haisaidie sana, juu wimbi linavunjikia mbali na pwani, mamia ya meta. Wa pili anapanda mashua na kusimama mu mulango wa maji ya kina, pembeni ya wimbi, fasi yenye wimbi halivunjike. Wa tatu anaingia mu maji yeye mwenyewe, kamera iko ndani ya sanduku lenye haliingize maji, ku miguu amevaa mapezi ya kuogelea. Huyu anaweza kuwa karibu sana na mtelezaji, na kama wimbi linawafunika, linawafunika wote wawili.

Kila njia iko na shida yake. Ku mashua, wewe mwenyewe unapanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo mikono haitulie. Matone ya chumvi yanashika ku lensi. Jua linapiga juu ya maji na kurudi mu macho. Na mutu mwenye unamutafuta anapita mbio, kamera inapaswa kufungua na kufunga jicho lake mu sehemu moja ya elfu ya segonde ao chini zaidi, kama hapana mwili wake unatoka sawa ukungu. Ukikosa, hauwezi kumwambia arudilie. Wimbi lenyewe limekwisha kuvunjika.

Kamera za leo zinaweza kupiga foto makumi mu segonde moja. Wengi wanakandamiza tu kidole, wanangojea, na kiisha wanachagua. Brouillet alieleza kwamba yeye hafanye vile, juu magaribi anarudi ku nyumba na maelfu ya foto zenye hazina kazi. Siku ile, wakati Medina alitokea juu ya wimbi, alipiga ine tu. Moja kati ya zile ine njo ile yenye ilizunguka dunia.

Na hakumuona Medina tangu mwanzo. Kutoka ku mashua, wimbi lilikuwa linamuficha. Medina alikuwa ametoka mu tundu kubwa sana, waamuzi walimupatia pointi 9,90 ku 10, pointi kubwa kupita zote zenye zilikuwa zimetolewa mu Olimpiki kwa wimbi moja. Mupiga foto alifikiri: mutu mwenye kutoka mu wimbi kama hili atafanya alama ya furaha, na atatokea upande huu. Akaelekeza kamera fasi yenye hakukuwa bado mutu. Kiisha mutu akapanda hewani, ubao umefungwa ku muguu wake na kamba, vyote viwili vikasimama wima.

Bahati ilikuwapo, hatutaikatala. Lakini Brouillet anaishi Tahiti. Ile bahari aliipiga foto miaka mingi mbele ya Olimpiki kufika. Alijua jua linatokea wapi saa fulani, mashua inasimama wapi, wimbi linamalizikia wapi. Mupiga foto mwenye kushuka ku ndege mbele ya siku mbili anaweza kuwa na kamera nzuri kupita yake, lakini hana ile miaka.

Mambo yalikuwa vilevile kwa watelezaji. Tarehe 5 mwezi wa 8, medali ya zahabu ya wanaume ilichukuliwa na Kauli Vaast, mutoto wa Tahiti mwenyewe, aliyekomaa mu yale mawimbi. Medina, pamoja na foto yake yote, alimaliza wa tatu na medali ya bronzi, yenye karibu yote ni shaba. Na sisi wa huku tunajua hiyo iko na uzito gani.

Feza inapita njia gani

Foto kama ile inapita mikono mingi. Mupiga foto anaituma ku ajansi. Ajansi inaituma mara moja ku magazeti, ku televizio na ku kampuni zenye zinalipa ili kuzitumia. Chini ya foto kunaandikwa jina la mupiga foto na jina la ajansi. Ile sentensi ndogo, yenye wengi wetu hatuisome, njo karatasi ya mali. Bila ile, watu wanaichukua sawa vile foto ya kila mutu, na mwenye aliitafuta anaweza kukosa kitu.

Ku mitandao ya watu wote mambo iko tofauti. Medina mwenyewe aliitia ku ukurasa wake, watu mamilioni wakaipenda, wengine wengi wakaichukua na kuituma mbele, na mara mingi jina la Brouillet lilibakia ku njia. Watengenezaji wa vichekesho nao wakaichezea. Hivyo foto moja inaweza kujulikana dunia muzima, na mwenye kuipiga akabakia bila kujulikana. Brouillet alikuwa na ajansi nyuma yake, kwa hiyo jina lake lilirudishwa. Mwenye hana ajansi?

Tuangalie tena pande zote ine za ile foto. Hatuone mashua. Hatuone mwenye kuiongoza, mutu wa kijiji mwenye anajua kusimama pale bila kuingizwa mu wimbi. Hatuone munara wa waamuzi. Foto nzuri inafanya kazi yake kwa kuacha vitu inje. Si kosa. Lakini mwenye kusoma foto anapaswa kuuliza: ni nini iliachwa inje?

Foto ya pili

Ku Teahupo'o, chenye kiliachwa inje ni ule munara. Mashindano ya mbele yalitumia munara wa mbao juu ya matumbawe, wenye waamuzi walipanda kuangalia. Kwa ajili ya Olimpiki, wakubwa walisema ule haufuate tena sheria za usalama. Wakatayarisha munara mupya wa aluminiamu, wa tani 14, kwa bei ya karibu milioni tano za dola, na nguzo mpya za kutoboa mu matumbawe. Kijiji kilisema hapana. Mu mwezi wa 10 mwaka wa 2023 watu walitembea kwa kuandamana. Wavuvi, watelezaji, mama wa nyumba. Waliongea juu ya samaki: wakati matumbawe yanavunjika, kunaweza kuota vijimea vyenye sumu, samaki wanavila, na mwenye kula samaki anagonjwa. Kwa jamaa yenye inakula chenye bahari inaleta, hiyo haikukuwa siasa. Ilikuwa chakula cha magaribi.

Karatasi yao ya kupinga ilipata sinyature zaidi ya laki mbili, kutoka pande zote za dunia. Mu mwezi wa 11 wakubwa walirudi nyuma kidogo: munara ukashushwa kufika tani 9, ukapunguzwa ukubwa. Lakini kazi ikaendelea. Tarehe 1 mwezi wa 12, wakati wa kujaribia njia ya kupitisha vifaa, chombo kikubwa cha kubeba mizigo kilipita juu ya matumbawe na kuyavunja. Watu wa kijiji walikuwa wamesema mbele: maji pale hayatoshe.

Siku ile pia kulikuwa kamera. Haikukuwa ya ajansi. Watu wa pale walipiga video, wakazituma, na dunia ikaona majiwe yenye uzima yenye kupasuka chini ya maji safi. Hakuna mutu alitia zile mu ukuta wa nyumba yake. Hazikukuwa na mwanaume wa kupaa hewani. Lakini wakubwa walilazimika kusimamisha kwanza zile kazi na kujieleza mbele ya watu. Juu hesabu ya kijiji ilikuwa na ushuhuda, haikukuwa tena neno la mutu wa kijiji juu ya neno la enjinia.

Tuseme pia mwisho wake, tusidanganyane. Munara ulijengwa. Ile video haikuuzuia. Mashindano yalifanywa, yakafaulu, na foto ya Medina ikafunika kila kitu. Watu wa Teahupo'o walipata munara mwepesi kuliko ule wa kwanza, na chombo ingine kwa kubeba vifaa, hawakupata kila kitu chenye waliomba. Tena walikuwa na nguvu yenye wengine hawana: Olimpiki ilikuwa inakuja, macho ya dunia yalikuwa pale, na Paris haikutaka haya. Kijiji chenye hakina Olimpiki kinapaswa kupiga kelele mara kumi ili kisikiwe mara moja.

Na sisi huku?

Kamera ya Brouillet, ya kila mupiga foto ku ile mashua, na telefone za watu wa kijiji zinatumika na batiri. Mu batiri nyingi za namna hiyo kuko kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu, mu Lualaba na Haut-Katanga. Hatuwezi kusema ile ya kamera ya Tahiti ilitoka mu shimo gani. Lakini kusema kwamba bahari ile iko mbali nasi, ni kusema nusu tu ya ukweli.

Sasa tuangalie namna sisi tunapigwa foto. Mutu wa inje akifikiri juu ya Kolwezi, anaona foto moja: kijana mwenye udongo muzima mwilini, mufuko ku bega, shimo nyuma yake. Ile foto si ya uongo. Wenye kuipiga, mara mingi walikuwa na nia nzuri. Lakini ni sawa ile ya Medina kwa jambo moja: iliacha vitu inje. Haionyeshe mama mwenye kuosha majiwe ku mutoni na kuhesabu feza ya masomo. Haionyeshe pale ku depo, wakati mashine ya kupima inatoa namba ya tenere na mwenye mufuko hawezi kujua kama namba iko ya kweli. Haionyeshe karatasi zenye zilitiwa sinyature mu biro, na wenye walizitia. Kijana wa mu foto anakuwa sawa wimbi: kitu cha kuangalia, hakiulizwe.

Hatuanze leo kuwaza hivi. Mu muji wetu wa Lubumbashi, Sammy Baloji alifanya kazi hii wazi. Mu mwaka wa 2006, mu kazi yake yenye kuitwa Mémoire, alipiga foto za mashine na nyumba za Gécamines zenye kuharibika, na ndani yake akatia foto za zamani za wafanyakazi, zile zenye kampuni ilipiga wakati wa Wabelgiji kwa kuandika hesabu zake. Ghafula wale babu walirudi kusimama fasi yenye walitumika. Ni yeye na wenzake pia wenye walianzisha shirika Picha na ile biennale ya Lubumbashi, tangu 2008. Foto za zamani zilipigwa na mwenye mali. Yeye alizichukua, akauliza swali lenye mwenye mali hakuuliza: hawa watu ni nani, na walibakia na nini? Hakuhitaji kamera ya ajabu. Alihitaji kuwa mutu wa pale.

Chenye tunaweza kufanya

Wenye telefone tuko wengi. Kila karieri, kila cité, kuko kijana mwenye anajua kupiga video. Chenye kinakosa si kamera, ni mpango. Watu wa Teahupo'o hawakupiga video tu: walijua tarehe, walijua fasi, na walijua nani alikuwa anaendesha kazi. Tena bila foto za mbele ya kitu kuharibika, wakubwa wanaweza kusema: ilikuwa hivi zamani.

Kwa hiyo, kama maji ya mutoni inabadilika rangi, foto ya leo peke yake haitoshe. Inaomba kuwa na ile ya mwezi wenye kupita, ya fasi ileile, yenye kupigwa na mutu amesimama pale pale. Kama nyumba zinapasuka juu ya mitambo ya kulipua majiwe, piga foto ya mupasuko pamoja na kitu chenye kila mutu anajua urefu wake, kama vile metre ya fundi. Andika tarehe na jina la quartier. Chunga foto ya kwanza yenyewe mu telefone, usiitume tu mu kundi na kuifuta, juu foto yenye kutumwa mara mingi inapoteza tarehe yake. Wape nakala watu wawili ao watatu wenye unaamini, na moja ku komite ya quartier ao ku sendika.

Hatuambie mutu aingie na telefone fasi yenye imekatazwa. Tunajua namna walinzi wanapokea kamera, na hakuna foto yenye inastahili mutoto wa mutu kulala mu kasho. Tena tuchunge heshima yetu wenyewe. Wakati shimo limeanguka, mbele ya kushika telefone, tushike mukono wa mwenye ameumia. Mwili wa marehemu haupigwe foto mbele jamaa haijajua. Nyuso za watoto zisitembee mu makundi. Tukiomba wageni watuombe ruhusa, tuanze kuombana ruhusa sisi kwa sisi.

Na mugeni mwenye kufika na kamera, tumupokee vizuri, na tumuulize mambo tatu kwa lugha ya kawaida: foto hii inaenda wapi, utaandika nini chini yake, na jina langu litaandikwa namna gani, ao litafichwa namna gani? Mwenye kazi safi atajibu bila kukasirika. Wengi wao wanafurahi kuulizwa.

Mu 2028 Olimpiki itakuwa Los Angeles, na wenye kuteleza juu ya mawimbi watakuwa ku pwani ya San Clemente, pale California. Kutakuwa foto zingine nzuri, na tutazituma tena mu telefone zetu. Hakuna ubaya, furaha ya Medina ilikuwa ya kweli. Lakini ku Teahupo'o, wageni walirudi kwao, ma droni yakafungwa mu masanduku, na wavuvi walirudi ku maji yao. Yale matumbawe yenye kuvunjika hayajengeke mu mwaka mumoja. Wenye kuishi pale njo wanaendelea kuyaangalia, na telefone zao ziko mu mifuko.